Chupa Zenye Tarehe

Rosalia aliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kama kawaida yake. Alifagia uwanja, ingawa tangu alipoufagia jana hakuna aliyeukanyaga ila kuku wa jirani. Aliwasha jiko la gesi, akabandika chai kwenye sufuria kubwa. Alikunywa kikombe kimoja. Iliyobaki aliimwaga nje.

Nyumba yake iko Wazo, kwenye mteremko, mahali ambapo malori ya saruji husikika yakibadili gia kutwa nzima. Zamani humo ndani walikaa watu tisa. Alikuwepo yeye na mumewe Benedikto, watoto wao wawili, Jonas na Recho, mama mkwe, na watoto wanne wa ndugu waliotoka Masasi kuja kusoma. Mama mkwe alifariki. Watoto wa ndugu walimaliza shule, wakaenda na maisha yao. Jonas alipata kazi mgodini Geita. Recho aliolewa Dodoma. Halafu, miaka sita iliyopita, Benedikto naye akafa. Rosalia akabaki na vyumba vinne na redio.

Lakini mkono wake haukujifunza kupika chakula cha mtu mmoja. Wala haukujifunza kununua. Akienda soko la Tegeta alichukua viungo vya kutosha nyumba nzima: hiliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga, giligilani, bizari nyembamba, manjano. Vingi alivipeleka mashineni vikasagwa siku moja. Vingine alivimimina kwenye makopo ya zamani ya maziwa. Vingine aliviacha kwenye vifuko vya nailoni, akavifunga fundo. Vyote alivipanga kwenye rafu iliyo juu ya jiko. Rafu hiyo aliichonga Benedikto, aliyekuwa seremala, ili mkewe asihangaike kutembea akiwa anapika. Pembeni, kwenye rafu hiyo hiyo, ilikaa chupa ya mafuta ya taa, akiba ya siku umeme ukikatika.

Makopo hayakuwa na majina.

"Nayajua kwa pua," Rosalia alikuwa akisema. Na kweli aliyajua. Angeweza kufumba macho, akafungua kopo, akakwambia hii hiliki, hii karafuu.

Ila mwaka juzi aliugua mafua makali. Alilala wiki mbili. Alipopona, pua haikupona. Harufu zilimtoka moja baada ya nyingine. Hakumwambia mtu, kwa sababu asubuhi hakukuwa na mtu wa kumwambia, na jioni hakukuwa na mtu. Akazoea.

Mwezi wa tatu, zamu ya kupokea jumuiya ilimfikia Rosalia. Waumini wa mtaa wao husali nyumba kwa nyumba kila Jumapili alasiri, na mwenye nyumba hupika anachoweza. Rosalia alifurahi mno. Alipika pilau ya kilo nne. Aliazima viti. Alivaa kitenge kipya.

Watu walisali, wakaimba, wakapakuliwa. Rosalia alisimama mlangoni kuwatazama wakila. Mwenyekiti, Bwana Brightson, alitia kijiko kimoja mdomoni. Akatafuna polepole. Akanywa maji glasi nzima. Asifiwe, katibu wa jumuiya, alikula nyama, akauacha wali. Sahani zilirudi jikoni karibu kama zilivyotoka.

"Jamani, mbona hamli?" Rosalia aliuliza.

"Tumeshiba, Mama Jonas," Brightson alijibu haraka. "Tumetoka kula nyumbani."

Wiki chache baadaye, Asifiwe alimpigia simu. Alisema kwa upole, "Mama Jonas, wewe pumzika. Zamu yako tutasalia kwangu. Usihangaike na kupika, umri huo."

Rosalia alikata simu, akakaa kitini. Umri huo! Alikuwa na miaka sitini na nne. Brightson alikuwa na miaka sabini na zamu yake hakuna aliyeigusa. Basi hawanitaki, alijiambia. Wanaona nyumba yangu chafu. Au wanaona mjane analeta mkosi. Jumapili iliyofuata hakwenda kusali. Wala ile nyingine. Hakuna aliyekuja kuuliza. Zikapita siku ambazo sauti yake mwenyewe aliisikia mara moja tu, akimfukuza kuku.

Mwezi wa sita, nyumba ya jirani ilipata mpangaji. Alikuwa mama wa Chang'ombe, jina lake Chausiku, mwenye meza ya viungo pale soko la Tegeta. Alihama ili awe karibu na biashara. Rosalia alimwona kupitia dirishani akishusha magunia na vinu. Akasema moyoni, mgeni hajapata hata muda wa kubandika sufuria. Akapika mchuzi wa nyama na wali, akafunika bakuli kwa kitambaa, akaenda.

"Hodi!"

"Karibu, karibu ndani. Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mie jirani yako, Mama Jonas. Nimekuletea chakula, najua uchovu wa kuhama."

"Jamani! Mungu akuzidishie. Maana toka asubuhi nimekula andazi tu."

Chausiku alinawa, akakaa mkekani, akamega nyama na wali. Akaweka mdomoni. Mkono wake ukasimama. Alimeza kwa shida, akasukuma bakuli kidogo mbele. Kisha akamtazama Rosalia usoni.

"Dada, nikwambie, au ninyamaze?"

"Uniambie nini?"

"Chakula chako kinanuka mafuta ya taa. Na chini yake kuna uvundo, kama gunia lililolowa. Nyama haina neno. Wali hauna neno. Ni viungo. Mie ndiyo kazi yangu, nimekua nayo. Hivi viungo vimeoza."

Rosalia alihisi uso unawaka. Alichukua bakuli lake. Kitambaa kilianguka, hakukiokota.

"Nimepika miaka arobaini," alisema. "Nimelisha watu tisa kila siku. Leo ndiyo naambiwa chakula kinanuka, tena na mtu niliyemletea bure."

"Dada, sikusema kwa ubaya..."

Rosalia alikwisha fika mlangoni.

Alifika kwake, akafunga mlango kwa komeo. Akaweka bakuli mezani. Akainama, akanusa. Hakusikia kitu. Akaonja. Chumvi aliisikia. Ukali wa pilipili aliusikia. Zaidi ya hapo, hakuna. Akavuta kigoda, akayashusha makopo yote kutoka kwenye rafu. Akafungua la kwanza, akatia pua ndani kabisa. Kimya. La pili, kimya. La tatu, lile alilokuwa akiamini ni la hiliki, nalo kimya.

Akayapeleka dirishani kwenye mwanga. Hapo macho yakaona kile ambacho pua ilishindwa kusema. Kwenye kopo moja unga ulikuwa umeshikana mabonge, na juu yake kuna ukungu mweupe kama pamba. Kwenye kifuko cha giligilani, vidudu vidogo vya kahawia vilitembea. Kopo lingine lilikuwa na nyuzi kama za buibui. Na chupa ya mafuta ya taa ilikuwa na kifuniko kilichopasuka.

Alimpigia Recho simu.

"Mwanangu, niambie kweli. Mlipokuja Krismasi, chakula changu kilikuwaje?"

Rosalia alisikia watoto wakicheza upande wa pili wa simu.

"Mama, mbona unauliza?"

"Niambie."

"Kilikuwa... mama, kilikuwa kinanuka kidogo. Tuliona. Ndiyo maana baba watoto akasema twende tukale chipsi. Hatukutaka kukuumiza."

"Kwa hiyo mlikuwa mnajua wote."

"Mama, tusamehe."

"Haya. Wasalimie watoto."

Rosalia aliweka simu chini. Alilia, lakini si kwa sababu ya viungo. Aliwaza watu wote waliokaa naye mezani wakatazamana, wakanyamaza kwa upendo wao, wakamwacha. Katika wote hao, mmoja tu ndiye aliyefungua mdomo, naye amemjua kwa dakika kumi. Na huyo ndiye Rosalia aliyemkimbia.

Kesho yake alasiri, Chausiku aliporudi kutoka sokoni, alimkuta Rosalia amekaa kwenye kizingiti chake. Mapajani alikuwa na beseni limejaa makopo.

"Pua yangu imekufa," Rosalia alisema, kabla hata ya salamu. "Mwaka wa pili sasa. Sikumwambia mtu. Naomba unisamehe, na unisaidie."

Chausiku alitua mzigo wake. "Hakuna cha kusamehe, dada. Twende kwako. Ishu kama hii inaanzia pale vinapokaa."

Alipoingia jikoni, Chausiku hakugusa kopo lolote kwanza. Alisimama akatazama rafu, akatazama jiko lililo chini yake, akapitisha kidole kwenye ubao. Kidole kilitoka na utando wa mafuta.

"Hapa ndipo pabaya kuliko pote," alisema. "Ukipika, mvuke unapanda. Joto linapanda. Kiungo kina maadui wake: joto, unyevu, mwanga na hewa. Hapa umekiweka nao wote, kutwa mara tatu."

"Rafu hii alinitengenezea marehemu mume wangu."

"Alikutengenezea kwa mapenzi, na ibaki. Iwekee sufuria na vifuniko. Viungo tuvitafutie pengine."

Walipata kabati dogo upande wa pili, mbali na jiko na mbali na dirisha. Lilikuwa na milango, ndani mkavu. Humo Rosalia alikuwa ametunza madaftari ya shule ya watoto. Aliyatoa, akayapangusa vumbi, akayapeleka chumbani.

Kisha wakamwaga makopo moja moja kwenye gazeti.

"Hili lenye ukungu nilianike juani?" Rosalia aliuliza. "Bado ni jingi."

"Usianike. Tupa. Jua linakausha ukungu, lakini sumu yake inabaki. Ndiyo hiyo wanayoiita sumukuvu. Haitoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga, na inaharibu ini taratibu bila wewe kujua. Lenye wadudu nalo tupa. Hivi vilivyonyonya mafuta ya taa, tupa. Mafuta ya taa, dawa ya mende, dawa ya panya, hivyo havikaagi jikoni kabisa. Viwe nje, juu, kwenye chombo chake chenye jina."

Lundo lilikua. Rosalia alilitazama. Alijua kuna kiasi humo alichokinunua Benedikto akiwa hai. Alichota karafuu chache zilizonywea, akazishika kiganjani muda mrefu. Chausiku alijifanya anatafuta ufagio. Mwishowe Rosalia akaziachia, zikaangukia kwenye lundo na zingine. Wakalichimbia shimo nyuma ya nyumba, wakafukia.

"Sasa tunaanza upya," Chausiku alisema. "Una chupa za kioo?"

Rosalia alikuwa nazo, za asali na za achari. Waliziosha kwa sabuni na maji ya moto, pamoja na vifuniko, wakaziinamisha kwenye kitambaa safi juani.

"Zikauke kabisa," Chausiku alisema. "Tone moja la maji chini ya chupa linatosha kuharibu yote. Kijiko nacho kiwe kikavu. Na usimimine kutoka kwenye chupa moja kwa moja juu ya sufuria inayochemka. Mvuke unaingia. Chota pembeni, funga, ndiyo utie."

"Makosa hayo yote nilikuwa nayafanya."

"Wengi wanafanya. Na jingine: usinunue vya kusaga vingi. Kiungo kizima kinakaa mwaka na zaidi, ukikitunza. Kikishasagwa, kwa joto letu hili, miezi mitatu minne kimechoka. Nunua vizima, kidogo. Twanga cha wiki. Una kinu?"

"Ninacho."

"Umemaliza."

Rosalia alikuna kichwa. "Lakini nitajuaje kimechoka? Wewe utanusa. Mie?"

Hapo Chausiku alizitazama chupa zilizoinamishwa juani. Alifikiri.

"Mie huwaambiaga wateja wasugue kiganjani, wanuse. Wewe hilo halikusaidii. Basi tumia macho. Unajua kuandika?"

"Polepole. Nilisoma kisomo cha watu wazima, hapo kanisani."

"Inatosha."

Rosalia aliingia chumbani, akarudi na daftari moja la Recho lenye kurasa tupu mwishoni. Wakakata vipande vya karatasi. Rosalia alishika kalamu, akainamia meza. Aliandika HILIKI. Herufi ya K ililala upande. Chini yake akaandika siku, mwezi na mwaka wa kununua. Chini tena akaandika siku ya mwisho ya kutumia. Chausiku akabandika kwa gundi ya karatasi, juu akapitisha selotepu ili jasho la mkono lisifute maandishi.

"Ikifika siku hiyo, usibishane na chupa," Chausiku alisema. "Toa. Na kila Jumamosi mimina kidogo kwenye sahani nyeupe, tazama. Ukiona bonge, uzi au kitu kinatembea, usitumie."

Siku ile alimpa viungo vya kuanzia, vidogo vidogo, kila kimoja kiganja kimoja. Chupa ziliingia kabatini zimekaa mstari mmoja. Zile za kila siku mbele, za pilau nyuma. Zilichukua nusu ya kibao kimoja. Rosalia alishangaa. Kumbe mtu mmoja anahitaji kidogo hivi. Jambo hilo lilimuuma. Alifunga mlango wa kabati taratibu.

Chausiku pia alimsihi aende zahanati. Alikwenda. Muuguzi alimweleza kuwa wapo watu wanaopoteza harufu baada ya mafua makali. Kwa baadhi hurudi polepole, kwa wengine hairudi. Akamuuliza anapikia nini. Aliposikia ni gesi, akawa mkali kidogo.

"Mama, gesi ikivuja wewe hutaisikia. Kila ukimaliza kupika, funga kule kwenye mtungi, siyo kwenye jiko peke yake. Fungua dirisha kabla ya kuwasha. Mpira wa gesi upake povu la sabuni kila mwezi. Ukiona mapovu yanavimba, panavuja, usiwashe. Na awepo mtu anayejua hali yako."

"Yupo," Rosalia alisema. "Jirani."

Mwezi wa nane alimpigia Asifiwe simu.

"Naomba zamu yangu," alisema. "Nitapika."

Asifiwe alisitasita. "Mama Jonas, kwa kweli..."

"Najua. Pilau ile ilikuwa mbaya. Nimeshajua kwa nini. Njooni."

Walikuja watu kumi na wawili. Kabla ya kupakua, Rosalia alisimama mbele yao, akiwa ameshika chupa ya mdalasini. Hakuwa amezoea kusema mbele za watu. Aliwaeleza yote: pua, rafu, ukungu, mafuta ya taa. Aliwaonyesha tarehe kwenye karatasi.

"Sikuwachukia kwa kutokula," alisema. "Niliumia kwa kutoambiwa. Nilikaa hapa miezi mitano nikidhani mmenichoka mimi."

Brightson alivua kofia, akaiweka gotini.

"Mama Jonas, tulikosea," alisema. "Tuliona aibu kukwambia. Aibu ile ilikuwa yetu, tukakubebesha wewe."

Asifiwe alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Hata mie makopo yangu yako juu ya jiko."

Watu wakacheka, na Rosalia akacheka nao. Pilau ilipakuliwa. Mara hii hakusimama mlangoni kuwachungulia. Alijipakulia na yeye, akakaa katikati yao. Brightson aliomba aongezewe. Fransis, kijana anayepiga kinanda, aliuliza kama kuna ukoko. Kabla ya kuondoka, Asifiwe alimshika mkono, akaomba Jumanne aje kwake wapange kabati pamoja. Rosalia akakubali.

Jumatatu nyumba ilikuwa kimya kama siku zote. Malori yalipita. Viti vya kuazima vilikwisha rudishwa. Rosalia alitoa sufuria ndogo, ile ya kuchemshia maziwa, akapima mchele kikombe kimoja, akaubandika kwa tui la nazi. Alitwanga hiliki tatu na kipande cha mdalasini. Alitia kwa kijiko kikavu, akafunga chupa, akairudisha kabatini. Mvuke ulipanda usoni mwake, nao haukuwa na harufu yoyote. Alifumba macho hata hivyo.

"Mama Jonas!"

Sauti ilitoka ng'ambo ya ukuta. Chausiku alikuwa anaanika nguo.

"Naam!"

"Unapika nini huko?"

"Wali tu, wa nazi. Kwa nini? Unanuka?"

"Unanukia, dada! Nazi ndiyo imetangulia. Ngoja... sasa hiliki imefika. Mdalasini unakuja nyuma, mdogo mdogo, kama mtu anayeona haya."

Rosalia alisimama jikoni, mwiko mkononi, akisikiliza.

"Endelea," alisema. "Na nini kingine?"